Fungu la Alama Sita

Nyarubungo, Biharamulo
8 Septemba 2024

Kaka Jean Paul,

Nianze na sauti, salamu zitafuata. Ni sauti ya winchi ikizunguka bila uzito. Ikiwa na ndoo ya mawe huwa inalia kwa kukwamakwama, lakini Jumamosi ile ilizunguka upesi, nyepesi, na kamba ikaja juu kama mtu anakunja uzi wa kushonea. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka mdomo wa shimo la duara, nimeshika hotipoti ya chakula cha ndugu yangu Niyibizi. Sijui chochote kuhusu kuchimba dhahabu, lakini nilijua kwamba sauti ile haikuwa yake ya kawaida. Sasa ni miezi mitano. Nikifuta ubao darasani, naisikia.

Tumsifu Yesu Kristo. Nifikishie shikamoo kwa mjomba Minani na kwa mama Anjelika. Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa, nina mikondo mitatu ya kidato cha pili na vitabu vya hisabati kumi na viwili. Mama alikaa kwangu wiki mbili mwezi wa nane, kisha akarudi Kasulo kwa sababu ya migomba yake. Unaukumbuka mkungu aliomfungia Niyibizi kamba ya gome, kuonyesha kwamba ni wake asije mtu akaukata? Umeozea juu ya mgomba. Hakuna aliyethubutu kuugusa, hata nyani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani tangu Mei. Barua hii ataileta Tecla, yule mama wa dagaa anayekwenda gulio la Ngara. Ukimpa jibu, atanifikishia.

Uliwahi kuniuliza nasomea nini. Nikasema kompyuta, ukacheka: "Za kutengeneza au za kuchezea?" Leo nakujibu vizuri. Kompyuta zote tulizonazo, pamoja na hiyo simu uliyoizima, zinajua hali mbili tu: umeme upo au haupo. Hiyo huitwa biti. Biti nane zikifungwa pamoja ni baiti, na kila kitu kinapimwa kwa baiti. Tasnifu yangu inahusu mashine yenye hali tatu: hasi, sifuri na chanya. Imewahi kujengwa. Warusi walikuwa nayo kabla mama zetu hawajazaliwa. Swali langu linaonekana dogo, lakini limenishinda: alama hizo zifungwe ngapi ngapi? Mkusanyiko huo nimeuita fungu, kama mafungu ya nyanya sokoni. Fungu likiwa dogo mno, mambo hayaenei ndani yake. Likiwa kubwa mno, unabeba nafasi tupu. Msimamizi wangu, Dakta Frednand, anataka niwe nimechagua kabla ya Aprili.

Nakueleza haya kwa sababu kuna jambo lingine ambalo siwezi kulieleza bila kutanguliza haya. Pale duarani nanyi mlikuwa na alama tatu kwenye kamba. Mvuto mmoja: nipandishe. Mivuto miwili: legeza kamba. Kimya: kazi inaendelea. Wewe ulikuwa umeshika kamba juu, Niyibizi alikuwa chini. Baadaye tuliambiwa kwamba udongo ulianguka kwenye njia ya pembeni, maji yakajaa, na baada ya siku tatu mwenye duara, Ndassa, akasema hawezi kuua wengine kwa ajili ya maiti. Hayo nayajua.

Nisichokijua ni hiki. Mvuto wa mwisho ulikuwa wa namna gani? Na tangu huo mvuto hadi mlipozungusha winchi ile niliyoisikia, ulipita muda gani?

Siulizi kwa ajili yangu tu. Mjomba Minani anataka tuzike mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi, ili msiba uishe na watu waweze kulima. Mama amekataa. Alimwambia mbele yangu: "Kaka, mtu hazikwi kabla haijajulikana alisema nini mwisho. Nikishajua, nitaukata mgomba kwa mkono wangu." Mjomba akamjibu kwamba wafu hawatumi ujumbe. Mama akasema: "Huyu alikuwa na kamba mkononi."

Nakusubiri.

Kaneza


Nyamiaga, Ngara
20 Oktoba 2024

Dada Kaneza,

Milele, amina. Barua yako niliipata, Tecla alinikuta kwenye mashine ya kusaga nikiwa mweupe kama mzungu. Alicheka akaniambia nijifute kwanza, barua ya mwalimu haishikwi na mikono ya unga.

Wazee wanakuitikia marahaba. Mzee anasumbuliwa na goti, lakini juzi amepanda maharage. Mama ana kuku kumi na mmoja, kenge amekula wawili. Mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kusaga ya parokia, napokea wateja kuanzia asubuhi. Simu nimeiacha kwenye sanduku. Ikiita nashtuka, basi.

Hayo mafungu yako nimeyafikiria. Usicheke, nimeishia la saba lakini vipimo navijua. Hapa watu wanaleta mahindi kwa sado, kwa debe na kwa gunia. Nikamuuliza mzee kwa nini debe likawa debe. Anasema zamani lilikuwa kopo la mafuta ya taa tu, hakuna aliyekaa chini akalipanga. Wanawake wakaona linakaa kichwani, mtu mmoja analitwika bila kusaidiwa, likawa kipimo. Gunia ni la wanaume wawili, kwa hiyo kila mara kuna ugomvi. Na ukishaingia ugomvi inaingia rumbesa, gunia linashonewa kofia juu, wanajaza hadi linatoa shingo, halafu wanakuambia ni gunia moja. Mimi nakushauri fungu lako liwe la mtu mmoja kujitwika. Na liwe na mdomo, usiweze kuongeza cha juu.

Kuhusu lile jambo la kamba. Muda ulikuwa mfupi. Mvuto wa mwisho siukumbuki vizuri, kulikuwa na kelele za pampu. Mwambie shangazi Esperansia akubali kuzika. Mzee anasema kweli, msiba usioisha unaharibu shamba.

Anneth, binti wa jirani, ameolewa Kabanga. Harusi ilinyeshewa.

Mimi kaka yako,
Jean Paul


Nyarubungo
17 Novemba 2024

Kaka Jean Paul,

Natumaini goti la mjomba limepata nafuu. Hapa mvua zimekuja na upepo, bati la darasa la mwisho limeng'oka, tunafundisha mikondo miwili katika chumba kimoja na hakuna anayemsikia mwenzake. Mama aliugua malaria, amepona. Wiki iliyopita alipita mtu kumwomba mche wa ule mgomba wa Niyibizi. Alimfukuza kwa fimbo. Mama, ambaye sijawahi kumwona akimpiga hata mbwa.

Ushauri wako wa debe nimemwandikia Dakta Frednand karibu neno kwa neno. Alijibu kwamba ndugu yangu wa Nyamiaga anafikiri vizuri kuliko nusu ya darasa lake. Nakuambia ujue.

Nimebakiza mafungu matatu. Fungu la alama tatu linatoa hali ishirini na saba. Nililipenda sana mwanzoni, kwa sababu herufi tunazotumia kwa Kiswahili ni ishirini na nne, ukiongeza nafasi, nukta na ritifaa zimetimia, hakuna kilichobaki. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka tarakimu. Hazina pa kukaa. Fungu la tisa linatoa hali zaidi ya elfu kumi na tisa, hilo ni gunia lako la wanaume wawili. Katikati kuna fungu la sita: hali mia saba ishirini na tisa. Herufi zote zinaenea, kubwa na ndogo, tarakimu, hata alama za kuonyesha sauti inapanda wapi katika Kirundi. Tena sita unaikata nusu kwa nusu, au mara tatu, bila kubakiza kitu. Warusi nao katika mashine yao mojawapo walifunga sita sita.

Lakini kuna kitu kinanizuia, nacho ni sifuri. Katika mashine yangu sifuri si ukosefu. Ni jibu kamili, sawa na hasi na sawa na chanya. Mashine ikiandika sifuri sita mfululizo, imesema kitu. Ila waya ukikatika, nao unaonekana kama sifuri sita. Aliye upande wa pili atatofautishaje anayesema sifuri na aliyekufa?

Nimeandika neno hilo nikaliacha. Sikulifuta.

Sasa nirudi kwako. Uliniandikia kwamba muda ulikuwa mfupi. Jean Paul, nilipofika pale palikuwa na majivu kando ya kiti chako na maganda ya muhogo wa kuchoma, mengi, yamekauka kingo. Redio ilikuwa imewashwa, watu walikuwa wanasikiliza mpira kipindi cha pili. Na pampu uliyosema ilipiga kelele ilikuwa imezimwa. Ndiyo maana niliisikia winchi.

Mfumo ule mliokuwa mkiutumia haukuwa mbaya kwenye karatasi. Alama tatu, kila moja na maana yake. Nataka tu kujua ulitumikaje siku ile. Mama ananiuliza kila Jumapili baada ya misa, kwa jicho tu.

Usinijibu habari za harusi.

Kaneza


Nyarubungo
19 Januari 2025

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa Kasulo, tulikuwa wawili mezani. Mjomba alikuja siku ya pili, akatuambia kwamba wewe ni mzima, unakula, unasaga, huongei. Alileta panga jipya. Aliliegemeza kwenye mlango wa jikoni bila kusema la nini. Mama alilichukua akalitumia kukatia majani ya mbuzi, akalirudisha palepale.

Tecla anasema barua yangu ya Novemba alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaiweka mfukoni, ukamwambia hakuna jibu.

Nimekaa na kimya chako miezi miwili. Nimejaribu kukisoma. Kwanza nilikisoma kuwa hasira, kisha kuwa aibu. Kuna wiki moja nilikisoma kuwa kazi inaendelea. Ndipo nilipoona tulivyo wajinga, sisi tuliokubali kwamba mtu akinyamaza maana yake yuko salama.

Sitakuuliza mara ya nne. Baada ya hii nitakwenda kwa Ndassa, nimuulize yeye.

Kaneza


Nyamiaga
23 Februari 2025

Dada Kaneza,

Hatujambo. Mama ameuza kuku, amebakiza jogoo na matetea mawili. Mzee hajui kama nakuandikia.

Usiende kwa Ndassa. Yeye hakushika kamba. Nitakuambia mara moja, halafu barua hii uichome. Nakuomba kwa jina la Niyibizi. Mzee akijua atanifukuza, na shangazi asijue kabisa, hata nikifa.

Asubuhi ile alivuta vizuri. Ndoo saba zilipanda. Saa sita hivi nikachoma muhogo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba muda wote, hilo naapa. Nikasikia mvuto. Mmoja. Nikaweka muhogo chini nianze kuzungusha. Hapo hapo ukaja mwingine. Mmoja tena. Kati yao kulikuwa na nafasi. Haikuwa ndefu. Kama ya kumeza mate.

Nikajiuliza. Ni mmoja na mmoja, au ni miwili? Kama ni mmoja na mmoja, anasema nipandishe, nipandishe. Kama ni miwili, anasema legeza. Mchimbaji mwenzetu Ansbert alikuwa karibu yangu, nikamwambia, "Amevuta mara mbili." Akasema, "Basi si mara mbili hiyo? Mpe kamba, anataka kuingia kwa ndani." Akanicheka: "Wewe mwanafunzi wa mwalimu, umeshasahau somo?"

Nikalegeza. Pima nne.

Halafu kimya. Kimya ni kazi inaendelea. Nikala muhogo. Mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza kikaisha na mimi mkono uko kwenye kamba, na nilikuwa nafurahi kwamba leo anachapa kazi hasumbui. Ndassa alipita akasema, "Huyo kijana ana nguvu." Ni katikati ya kipindi cha pili nilipoona kamba ni nyepesi, haina hata ule mtikisiko mdogo. Pampu ilikuwa imezimwa mafuta yamekwisha. Tukazungusha. Ndiyo hiyo uliyoisikia. Kitanzi cha kuwekea mguu kilikuja na matope tu.

Kama ningezungusha mara ya kwanza angekuwa ameshaweka mguu kwenye kitanzi. Nalijua hilo kila siku. Nilipolegeza pima nne nilimwondolea kitanzi mkononi. Kimezama kwenye maji chini yake na yeye anakitafuta.

Sasa umesikia. Lakini na mimi niseme langu, kwa sababu barua zako zote tatu umekuwa ukisema mfumo wenu, mfumo mliokuwa mkiutumia. Wetu na nani? Sisi tulikuwa tunagonga kengele na kupiga kelele kama watu wengine. Ni wewe uliyetuita jikoni kwako Januari ile, mimi na Niyibizi, ukamwaga maharage mezani. Harage moja, nipandishe. Maharage mawili, legeza. Mahali patupu, kazi inaendelea. Ulisema alama tatu zinatosha kusema jambo lolote duniani. Macho yako yalikuwa yanang'aa. Niyibizi akasema, "Dada yangu atakuwa profesa, na sisi tutakuwa kitabu chake." Tukala yale maharage.

Kamba nilishika mimi. Alama ulipanga wewe. Mimi nimeandika langu.

Ndassa anafungua duara tena. Amenitumia salamu kwamba nafasi yangu ipo, nianze baada ya Pasaka. Nimekubali. Hapa kila nikizima mashine ya kusaga nasikia watu wananiangalia. Kule angalau naijua kazi.

Choma.

Jean Paul


Nyarubungo
30 Machi 2025

Kaka Jean Paul,

Mama anakusalimu. Ni yeye aliyetaka sentensi hiyo itangulie, kwa hiyo nimeitanguliza. Migomba ya Kasulo imeanguka kwa upepo, mingi. Mjomba anatembea kwa mkongojo lakini anatembea. Haya ni ya nyumbani. Yanayofuata nimekwisha kuyafanya yote, nakuarifu tu.

Sikuichoma barua yako. Niliisoma mara moja nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, darasa likiwa tupu, na nilipofika kwenye maharage nililaza uso juu ya mbao. Ni kweli. Kila neno ni kweli, hata macho. Nilikuwa na wiki ya pili tangu Dakta akubali mada yangu, na nilitaka kuiona ikifanya kazi mahali fulani mbali na karatasi. Nilitaka kuiona mikononi mwa watu. Ninyi ndio mliokuwa karibu.

Unajua kosa liko wapi? Nimelichora mara nyingi. Mezani kila harage lilikuwa na mahali pake, na nafasi kati ya jambo na jambo ilionekana kwa macho. Kwenye kamba hakuna meza. Nilipanga alama lakini sikupanga fungu. Sikusema kila ujumbe una nafasi ngapi, unaanzia wapi, unaishia wapi. Mmoja, kimya, mmoja, au miwili. Hakuna mtu juu ya ardhi ambaye angeweza kujua, wewe wala Ansbert wala mimi. Miezi sita nilikuwa nakuuliza wewe ulisomaje, na mwandishi nilikuwa mimi.

Kabla ya jambo lolote nilikwenda duarani. Sikuwa nimekuamini ulivyosema kwamba Ndassa hakuhusika. Nilimkuta anapanga magogo mapya ya kuzuia kuta. Alinipokea vizuri. Nikamuuliza watatumia nini safari hii, kengele? Akasema, "Kengele za nini, mwalimu? Zile alama zako ni nzuri, hazina kelele. Hata maduara matatu ya jirani wameiga. Ukipita kule utawaona, vijana wameshika kamba kimya kabisa, utadhani wako kanisani."

Maduara matatu, Jean Paul. Nilikwenda nikawaona.

Jumamosi ya tarehe 15 nilikwenda Kasulo. Mjomba alikuwepo. Nilimsomea mama barua yako yote, sikuruka mstari. Palipokuwa pagumu nilimwambia kwa Kirundi. Mjomba aliposikia jina lako na kamba aliinuka, akakaa, akainuka tena. Mama hakusogea. Aliniambia, "Soma tena pale pa kumeza mate." Nikasoma. Akasema, "Sogea. Vuta kitenge changu kama alivyovuta."

Nikashika pindo. Nikavuta mara moja. Nikameza mate. Nikavuta mara moja.

"Ndivyo alivyokuwa akinivuta tukirudi sokoni, akichoka kutembea," akasema. "Mara moja, anangoja, mara moja. Alikuwa anataka kubebwa. Sikuwahi kukosea hata siku moja."

Ulitaka nimfiche hilo. Mimi mwenyewe nilitaka, mpaka nilipomwona usoni. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyetajiwa uzito wa mzigo ambao ameubeba muda wote bila kuujua. Kisha akauliza swali ambalo sisi wawili, pamoja na barua zetu zote, hatukuuliza.

"Na sasa nani anashika kamba?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba utakuwa wewe, na vijana wa yale maduara matatu.

Mjomba ndiye aliyeanza kuona naelekea wapi. Alisema, "Esperansia, karatasi hiyo isitoke humu ndani. Jean Paul ni mwanangu."

"Na walio chini, kaka, ni wa nani?" mama akasema.

"Watamfunga."

"Wewe uliniambia wafu hawatumi ujumbe. Wangu ametuma. Alisema mnipandishe."

Mjomba alibaki ameshika mkongojo kwa mikono miwili, na nilimwonea huruma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Tulizika Jumamosi iliyofuata, tarehe 22. Mama alikata mgomba kwa lile panga, mgomba uleule wenye kamba ya gome. Ulikuwa umeshatoa machipukizi pembeni, akayaacha. Wanaume walipokuja na makoleo alichukua moja akanipa mimi. Katekista alisema kwa upole kwamba mwanamke hachimbi kaburi. Mama akamwambia, "Huyu atachimba." Nilichimba mpaka kiunoni, udongo ulikuwa na maji. Kila nilipotupa koleo moja juu lilirudi nusu. Nilipomaliza alinipa mkono nipande. Nilimpa mkono wangu, akavuta.

Hukuitwa. Ni mimi niliyesema usiitwe, usimlaumu mwingine. Nafasi yako ya kutupa udongo mama ameiacha wazi, upande wa miguu, kama ya kiganja kimoja. Anaifunika kwa jani la mgomba mvua ikija.

Tasnifu nimechagua. Fungu la alama sita, na alama ya sita hairuhusiwi kamwe kuwa sifuri. Lazima iwe hasi au chanya, ili kila fungu lifungwe na kitu kinachoonekana, na sifuri sita zisihesabiwe kuwa ujumbe, zihesabiwe kuwa ajali. Hali zinabaki mia nne themanini na sita kati ya mia saba ishirini na tisa. Dakta Frednand aliniandikia: "Unatupa theluthi ya uwezo wote wa fungu. Una sababu?" Nilijibu kwamba ndiyo, ni theluthi, na sababu iko ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la Niyibizi na tarehe.

Sasa la mwisho. Jumanne tarehe 25 niliomba ruhusa shuleni nikaenda mjini Biharamulo, kwa ofisa wa madini anayekagua maduara. Nilimweleza jinsi kamba zinavyotumika sasa katika maduara manne. Alinisikiliza, akaniuliza kama nina ushahidi, au ni maneno ya mfiwa. Nikampa barua yako. Aliisoma yote akarudia ukurasa wa pili. Alisema maduara yatasimamishwa mpaka wayakague, na kwamba wataita watu kuhojiwa, wewe ukiwa wa kwanza. Huenda wamekwisha kukufikia kabla ya Tecla. Wakikuuliza, jibu. Usinyamaze, Jean Paul. Sema kama ulivyoniandikia, na muhogo, na mpira, na nafasi ya kumeza mate.

Alinipa karatasi niandike maelezo yangu. Niliandika kurasa mbili na nusu, nikachora meza na maharage. Chini kabisa kulikuwa na mahali pa majina ya waliohusika, palikuwa na mstari mmoja tu. Niliongeza wa pili kwa rula. Nikaandika jina la aliyeshika kamba na jina la aliyepanga alama, yote mawili kwa ukubwa mmoja, nikatia sahihi, nikamrudishia kalamu yake.

Kaneza